Wenye Haki juu ya Binti Nyayo

Beni, tarehe 11 Agosti 2025

Yaya Maliro,

Nakusalimu wewe, kaka yangu, na wifi Mélanie. Huku tuko, tunapumua. Barua hii anakuletea Zorobabel, yule dereva wa gari la maharagwe, maana simu sitaki tena. Matapeli walizoea kunipigia na kusema, “Mama, mutoto yako iko na sisi, tuma kitu,” mpaka nikaitoa laini nikaitupa chooni. Utanivumilia niandike kama watu wa zamani.

Juzi Bwana Valère wa kampuni ya filamu alifika shuleni. Nilikuwa darasani, akaniita nje. Alikuwa amevaa viatu vyeupe katika matope yetu haya, nikamhurumia kidogo. Alileta karatasi. Wanataka kutengeneza Binti Nyayo mpya, na wanataka sahihi yangu kwa ajili ya uso wa Victoire.

Acha nikukumbushe mkataba, maana siku tulipoutia sahihi mwaka 2019 wewe ulikuwa unacheka tu. Wewe ulichora, mimi niliandika maneno, na mwanangu alikaa kwenye kigoda ukamchora uso na miguu peku. Msichana wa miaka kumi na tano ambaye nyayo zake zinasikia ardhini watu wabaya wakiwa bado mwendo wa siku nzima, akakimbia kuamsha kijiji. Nyumba ya vitabu ya hapo Butembo ilipokichapisha kitabu, watoto wa Beni walivua viatu, wazazi wakatulaumu kwa funza. Kisha Kinshasa wakaja kununua haki ya filamu.

Mkataba una mambo mawili ninayoyajua kwa moyo. La kwanza: wasipoanza kupiga filamu nyingine ndani ya miaka mitano tangu ile ya kwanza ionyeshwe, haki zote zinarudi kwetu. Miaka hiyo inaisha tarehe 30 Novemba mwaka huu. La pili: kila filamu mpya itakayotumia uso wa Victoire itaomba ruhusa yake, au yangu mimi mama yake, maadamu yeye yu hai.

Nilimwambia Bwana Valère hapana. Akauliza kwa sauti ya taratibu, “Mama, acte de décès, ile karatasi ya kifo, iko?” Nikamjibu, “Mutoto wangu hakufa. Watu wa musituni walimukamata kwa shamba ya kakao kule Oicha, mwezi wa tano, 2021. Kukamatwa hapana kufa.” Akakunja karatasi yake akaenda.

Najua atakuja kwako. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Nakuomba usitie sahihi kitu chochote. Miezi mitatu na nusu tu, halafu Binti Nyayo anarudi nyumbani, na hakuna msichana mwingine atakayevaa uso wa mwanangu wakati mimi bado namsubiri.

Mdogo wako,
Kavugho Rébecca


Butembo, tarehe 19 Agosti 2025

Mama Victoire, mdogo wangu,

Barua yako ilifika ikinuka maharagwe. Zorobabel aliikalia njia nzima, na wewe unamjua Zorobabel alivyo na uzito.

Ni kweli Valère alikuja. Alinikuta juu ya ngazi nachora kibao cha duka la dawa, mkono wote umejaa kijani. Nilimwacha asubiri chini. Msanii naye ana heshima yake.

Lakini nisikilize kabla ya kukasirika. Unakumbuka filamu ya kwanza ilivyoharibika? Haikuharibika kwa ujinga wa waigizaji. Sisi tuliwauzia Kinshasa msichana tu: jina lake, umri wake, uso wake. Bibi yake, kijiji chake, na yale maji ya bibi yaliyozipa nyayo zake kusikia, vyote vilibaki mali ya nyumba ya vitabu. Nao hawakukubali kuviachia. Kwa hiyo Kinshasa walikuwa na mtoto asiye na bibi wala kwao. Wakamweka katika ghorofa, wakampa mjomba kapteni wa jeshi, wakamvisha viatu. Na kwa kuwa nyayo hazikuruhusiwa kusikia, wakamfunga bangili inayowaka taa. Victoire mwenyewe alicheka ukumbini mpaka watu wakageuka. “Mama, bananitia saa ya mukono!” Unakumbuka?

Sasa wenye mali wamekaa meza moja. Nyumba ya vitabu inakubali kuwakopesha bibi na kijiji kwa filamu hii moja. Watapiga Musienene, kwenye vilima vyetu, na mashamba ya viazi nyuma. Miguu itakuwa peku. Nimesoma maandishi yao, dada yangu. Ukurasa wa mwisho msichana anashuka njia ya shamba, peke yake, hadi mlangoni kwa bibi, na bibi anamwosha miguu. Basi. Hakuna bomu, hakuna kapteni.

Tarehe 30 ikipita bila filamu, tutarudishiwa nini? Msichana bila bibi. Nyumba ya vitabu haitatukopesha sisi kitu, mimi mchora vibao na wewe mwalimu usiyelipwa. Atakaa sandukuni mpaka panya wamle. Mafahali wawili wamepigana miaka sita, na nyasi ni sisi. Leo wamepatana, tunataka tena wagombane?

Sijasema utie sahihi. Nasema ufikiri.

Kaka yako,
Maliro


Beni, tarehe 2 Septemba 2025

Yaya,

Nimefikiri. Jibu ni lile lile.

Valère alirudi akaniachia maandishi na mimi, nikasoma ukurasa huo wa mwisho. Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani kwa Victoire, na nilitamani kuuchana. Kwenye filamu yao anarudi nyumbani. Wanajua kumrudisha. Mwambie Valère kwamba nitatia sahihi siku Victoire mwenyewe atakaposhuka njia ya kwangu.

Tena kuna jambo hukuliona, ama umeliona ukanyamaza. Mkataba unasema msichana huyo awe na miaka kumi na tano mpaka kumi na saba, katika kila filamu, milele. Wakipiga ya tatu, ya nne, ya kumi, kila mara wataanza upya na atakuwa kumi na tano. Victoire wangu yuko na miaka ishirini sasa. Kama wanamlisha, amerefuka. Kama anasikia baridi, hakuna anayemfunika. Mimi kila mwaka ninamwongezea umri kichwani ili nikimwona nisishindwe kumtambua, na hawa watu wanataka kunirudisha nyuma kwa sababu ya kifungu.

Padri naye alinishauri tufanye matanga bila mwili, tusali, tule, tumalize. Nilikataa. Mtu akishaliliwa na ukoo, nani ataendelea kumtafuta? Kuna bureau moja hapa inayoandika waliotekwa. Nilimwandikisha huko na picha yake, na kila Alhamisi napita kuhakikisha faili yake bado iko juu. Yule karani, Blaise, aliyeletwa kutoka Kasai, amenizoea. Ananiambia, “Mama Victoire, faili iko wazi.” Maneno hayo matatu ndiyo chakula changu cha wiki.

Kwa hiyo, Yaya, usiniletee habari ya bibi na miguu peku.

Kavugho Rébecca


Butembo, tarehe 20 Oktoba 2025

Mama Victoire,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua imeharibu vibao vitatu kabla rangi haijakauka. Nyumbani tuna wakimbizi wa Luofu tena, familia ya shangazi yake Mélanie, wanane, wapole sana, wanaomba ruhusa hata kunywa maji. Mélanie anapika sufuria ile ya arusi kila siku.

Habari ya filamu, usijali. Nasikia watafanya kwa njia yao, bila kukusumbua. Labda hawatatumia uso. Mimi sifuatilii sana.

Kula vizuri. Nimempa Zorobabel viazi vya Musienene, nusu gunia. Ukikuta ni robo, muulize yeye.

Maliro


Beni, tarehe 1 Desemba 2025

Yaya Maliro,

Jana ilikuwa tarehe 30 na imepita. Nilienda misa ya asubuhi, nikarudi, nikaosha nyumba yote kama mtu anayengoja mgeni. Valère hakuja tena na karatasi, na mimi sikuandika sahihi yoyote, kwa hiyo Binti Nyayo amerudi. Ni wetu. Najua utasema ni msichana bila bibi. Haidhuru, bibi tutamtungia mwingine.

Nina ombi. Chukua penseli umchore akiwa na miaka ishirini. Mpe shingo ndefu kama ya mama yetu. Mimi nitaandika maneno. Sitaki kuuza, nataka tu kuona.

Viazi vilikuwa nusu gunia kamili, Zorobabel ni mtu mwaminifu. Lakini ameniambia neno moja likanishangaza. Anasema katikati ya Oktoba alikuleta hapa Beni, ukashuka karibu na ofisi za commune, ukarudi naye siku ile ile. Nilimwambia amekufananisha, kwani wewe hufiki Beni bila kula kwangu. Nijulishe.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Watu wametoka msituni. Wazee fulani wa kanisa waliingia na chumvi na dawa kuwaombea, na kundi la watu kumi na wanne limefika Oicha. Naenda kesho. Sithubutu kuandika ninachofikiri. Niombee.

Mdogo wako anayekupenda,
Rébecca


Butembo, tarehe 3 Desemba 2025

Rébecca,

Barua yako ya tarehe mosi nimeipata leo. Nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye sakafu ya karakana.

Zorobabel hakunifananisha. Filamu ilianza kupigwa Musienene tarehe 24 Novemba, siku sita kabla ya mwisho. Kwa hiyo msichana hakurudi kwetu. Amebaki kwao kwa miaka mitano mingine, na uso ni wa Victoire. Mwigizaji ni binti wa hapa, Nadège, wamempaka na kumsuka mpaka amefanana.

Ni mimi niliyewapa. Valère alisema bila sahihi yako kuna njia moja tu, karatasi ya kifo, na kwamba ni ya kuweka ndani ya faili ya Kinshasa, hakuna mtu wa Beni atakayeiona. Unajua desturi yetu. Victoire alizaliwa nyumbani, baba yake hakutoa hata mbuzi mmoja, kwa hiyo ni mtoto wa ukoo wetu na mimi ndiye mwenye kusema juu yake. Nilikwenda commune ya Beni na mashahidi wawili. Nikasema, “Mimi njo baba yake kwa desturi. Mutoto alikufa mwaka wa 2021, Oicha.” Wakaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchora herufi tatu.

Sikufika kwako kwa sababu ningekutazama na ningesema.

Sikuuza kwa njaa, Rébecca, ingawa njaa ipo. Mwaka 2022 mtu mmoja aliyetoroka msituni aliniambia kwamba wasichana wa shamba lile hawakumaliza mwezi. Nililificha neno hilo moyoni peke yangu miaka mitatu. Niliona wewe huwezi kumzika, na mimi siwezi kuendelea kumbeba, nikafikiri filamu itatuzikia. Siku ile Nadège aliposhuka kilima bila viatu mpaka kwa bibi, nililia mbele ya watu wa kamera, mtu mzima kama mimi. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza.

Nilijua utanichukia. Naandika ili unichukie ukiwa unajua yote.

Maliro


Oicha, tarehe 3 Desemba 2025

Yaya Maliro,

Naandika haraka kwenye karatasi ya daftari, kuna pikipiki inashuka Beni na kutoka huko atapewa Zorobabel. Yuko hai. Alikuwa hai mwezi uliopita.

Jana tulikuwa kwenye uwanja wa bureau ya hapa Oicha, familia nyingi. Blaise alikuja na orodha, akawa anasoma jina la mtu, na familia yake inaingia ndani kumchukua. Alisoma kumi na manne. La Victoire halikuwamo. Nilikaa pale pale. Baadaye msichana mmoja akatoka na shangazi yake, anaitwa Gracieuse. Nilimwonyesha picha kama ninavyowaonyesha wote. Akaishika kwa mikono miwili akasema, “Huyu ni Victoire. Tulikuwa tunatwanga pamoja.” Alisema Victoire ana kovu kwenye kidevu, amekonda, na huwafundisha wadogo kuhesabu ili wasisahau. Shangazi akamchukua kabla hajasema zaidi.

Nikamkimbilia Blaise. Akafungua kitabu chake, uso ukambadilika. Akasema, “Mama, hii faili ilifungwa mwezi wa kumi. Commune ilituletea acte de décès. Mutu mwenye alishakufa, hatumutafutake tena. Njo sheria.” Nilimwambia ni makosa, kuna Victoire mwingine, ukoo mwingine, karani amechanganya. Blaise anasema mama hatoshi kuipinga, commune itataka mwanamume wa ukoo, mkubwa, aseme mbele yao kwamba mtoto hakufa.

Ni wewe, Yaya. Hakuna mwingine. Panda gari la kwanza. Kama vibao vinakushika, viache, nitawaandikia wenyewe kuwaomba radhi. Njoo useme tu neno moja, kwamba mtoto wako yu hai.

Rébecca wako


Butembo, tarehe 13 Desemba 2025

Rébecca,

Bila shaka sasa umepata barua yangu ya tarehe tatu. Na mimi nilipata yako ya tarehe ile ile, zilipishana njiani.

Nilipanda gari siku niliyoipokea. Nimekaa Beni siku nne, nililala kwa Zorobabel. Nilifika mpaka ukingo wa ua wako nikaona umeanika nguo kwenye kamba, nikarudi.

Commune niliwaambia, “Nilisema uongo. Mutoto iko muzima.” Karani akauliza kwa nini nilisema uongo, nikamweleza filamu. Akacheka kwanza, kisha akaona sichekeshi. Akaniambia karatasi ya kifo haifutwi kwa mdomo uliouleta huo uongo. Mdomo huo sasa hauna thamani, ama nilidanganya Oktoba ama nadanganya leo. Niende tribunal, mahakamani. Tribunal wakasema wanaweza kuifuta, lakini kwa ushahidi. Nikauliza, ushahidi gani? Hakimu, mtu mpole tu, akasema, “Yeye mwenyewe afike hapa.”

Nilimpigia Valère kumsihi aiondoe karatasi kwenye faili, asimamishe filamu, aseme kampuni ilikosea. Alinijibu kwa heshima sana. Karatasi ile ikiondoka, ruhusa ya uso inaondoka. Ruhusa ikiondoka, siku zilizopigwa Musienene hazihesabiki. Zisipohesabika, tarehe 30 Novemba imewapita na wamempoteza msichana. Wanasheria wao hawatakubali. Akaniambia, “Papa Maliro, kwetu sisi lazima abaki amekufa.” Nadhani hata yeye aliona haya, maana alikata simu kabla ya kuaga.

Nimewaandikia wazee wa kanisa walioingia msituni. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba yuko hai na kwamba mimi ndiye niliyesema hayuko. Wamejibu kwamba njia imefungwa tena, wale watu wamehama.

Niambie la kufanya. Hata kama ni kuondoka duniani, niambie.

Maliro


Beni, tarehe 8 Januari 2026

Maliro,

Barua zako mbili nimezisoma. Sikukujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na mimi ni mwalimu.

Usiondoke duniani. Utakaa, utakwenda tribunal kila wiki, na wakikufukuza utarudi. Hilo ndilo la kufanya. Halitasaidia, lakini utalifanya.

Wanasema filamu itaonyeshwa hapa Beni baada ya Pasaka, kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu mkuu wetu ameshaniambia nitawekewa kiti cha mbele kama mama wa msichana. Wanafunzi wangu wanajua tayari kwamba safari hii ana bibi, na hana viatu. Wamefurahi. Siwezi kuwakataza kufurahi.

Juzi nilirudi Oicha kwa Gracieuse. Ameanza kula. Nilimwomba anieleze yote, na shangazi yake akakubali.

Wale wazee wa kanisa walipoingia msituni mwezi wa kumi na moja, walipeleka orodha. Kundi lile lilikuwa na watu wengi, na mkubwa wao alisema atawaachia tu wale ambao wamekuja kuombwa kwa majina. Orodha ilitoka bureau ya Blaise, faili zilizo wazi. Asubuhi wakawapanga mstari wote. Victoire alisimama pamoja nao, amejifunga kitambaa chake vizuri, kwa sababu alikuwa na hakika. Gracieuse anasema alikuwa akiwaambia wenzake kila siku, “Miye mama yangu hawezi kunisahau.” Walisoma majina kumi na manne. Walipomaliza, Victoire aliomba wasome tena. Wakasoma tena. Halafu akarudishwa kwa waliobaki.

Jina la Gracieuse lilikuwa la mwisho. Alipoitwa alishindwa kutembea, na Victoire ndiye aliyemsukuma mgongoni ili aende kabla wale watu hawajabadili nia. Gracieuse hakugeuka kumwangalia. Analia kwa sababu hiyo mpaka leo, anasema alimwacha mwenzake.

Nilimpangusa machozi, nikamwambia si yeye aliyemwacha.

Kavugho Rébecca